“Macho yangu hayaumi, Daktari”

Juma lililopita pekee nimeambiwa hivyo na wagonjwa wanne. Mmoja wao alikuwa ameshikwa mkono na binti yake kwenye ngazi zetu.

Mama, Papa, sikilizeni: glakoma (ugonjwa unaoua neva ya jicho) tunayoiona zaidi hapa Bukavu haiumi. Haiwashi, haitoi machozi, wala haifanyi jicho liwe jekundu. Ndani ya jicho maji hutengenezwa saa zote, na yanatakiwa kutoka. Njia yake ikianza kuziba, presha hupanda polepole na kuisaga neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Sehemu ya neva iliyokufa hairudi, hata uende Nairobi au India.

Ubaya wake ni kwamba huanza kula pembeni. Katikati hubaki safi miaka mingi, na jicho zima humfichia siri mwenzake. Mzee mmoja wa Kadutu alikuja kutafuta miwani ya kusomea tu. Macho yote mawili wazi, akasoma herufi hadi mstari wa chini, akatabasamu. Nikamwambia afunike la kulia. Akanyamaza, halafu akauliza: “Daktari, wamekata umeme?” Taa ilikuwa inawaka. La kushoto lilikuwa limekwisha, na hakujua tangu lini.

Wala usijifunike jicho nyumbani ukajipa cheti cha uzima, maana ukigundua tatizo hivyo umeshachelewa. Upimwe presha ya jicho, neva itazamwe kwa mboni iliyopanuliwa. Sisi watu weusi inatushika mapema na kwa ukali zaidi, kwa hiyo usivuke miaka 40 bila kupimwa. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja anayo, hata hiyo 40 usiingoje. (Kuna aina nyingine inayokuja ghafla kwa maumivu makali, kutapika na kuona duara za rangi kwenye taa. Hiyo ni ya kukimbia hospitali usiku huohuo.)

“Tansiyo yangu ni 12 kwa 8.” Hongera, lakini hiyo ni presha ya damu. Ya jicho kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 (milimita za zebaki), na wapo wanaopoteza neva hata wakiwa chini ya 21.

“Nitafanyiwa operesheni nione tena.” Hapo umechanganya na mtoto wa jicho. Operesheni ya glakoma hulinda kilichobaki, basi.

“Chupa iliisha, sikuona tofauti.” Hukupaswa kuiona! Matone hayaongezi kuona, yanashusha presha. Tia kila siku saa ileile, fumba jicho, bonyeza kona ya karibu na pua dakika mbili. Hilo la kubonyeza nalirudia mpaka wauguzi wangu wananicheka. Na mwenye pumu aseme kabla sijaandika timololi, mojawapo ya matone hayo.

Kinachoniudhi zaidi ni matone ya deksametazoni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe na mwasho) yanayonunuliwa farmasi bila karatasi ya daktari, mtoto anayejikuna macho akatiwa miezi mizima. Kwa baadhi ya watu dawa hiyo hupandisha presha ya jicho ndani ya wiki chache tu.

Yule mzee nilimwomba awalete wadogo zake watatu. Mpaka leo amekuja mmoja. Alipoketi kwenye kiti, kabla sijawasha mashine, akaniambia macho yake hayaumi.