Chama kimoja Kenya: yanayosemwa na yaliyotokea

"Rais Moi alileta chama kimoja kwa hasira ya jaribio la mapinduzi." Tarehe zinakataa. Bunge lilipitisha kifungu cha 2A cha katiba, kilichofanya KANU, chama tawala, kuwa chama pekee halali, Juni 9, 1982. Wanajeshi wa anga waliasi Agosti 1. Kilichoisukuma serikali ni wanasiasa Jaramogi Oginga Odinga na George Anyona, waliokuwa mbioni kuunda chama kipya. Wakati huo hapakuwa na chama kingine cha kufunga: chaguzi za 1969, 1974 na 1979 zote zilikuwa za KANU peke yake. Sheria ilikuja kuhalalisha mazoea.

"KADU, chama cha upinzani, ilipigwa marufuku." La. Ngala, Moi, Muliro na wenzao waliivunja wenyewe Novemba 1964, wakahamia KANU.

"Kenyatta alimfuta Jaramogi umakamu wa rais." Hii ndiyo inayorudiwa zaidi ukikaa na wazee wa Kondele, mtaa wa Kisumu, na inaficha ujanja wenyewe. Jaramogi alijiuzulu Aprili 1966. Mwezi mmoja kabla, mkutano wa KANU kule Limuru ulikuwa umefuta cheo chake cha makamu wa rais wa chama na kuweka makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa na mmoja wa Nairobi. Hakuna aliyemgusa serikalini. Alinyang'anywa chama tu. Alipohamia KPU, chama kipya cha upinzani, na wabunge wakamfuata, katiba ikabadilishwa chapuchapu: mbunge akihama chama kilichomdhamini, kiti kinakuwa wazi. Waliotoka KADU 1964 hawakuguswa, kwa kuwa chama chao kilikuwa kimeshavunjwa. Ukitaka sheria iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu, ndiyo hiyo. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966 viti 29 viligombaniwa, na KPU ikaambulia 9, Nyanza ya Kati ikiwa ngome yake.

"KPU ilifungwa kwa sababu ya kifo cha Mboya." Tom Mboya aliuawa Nairobi Julai 5, 1969, na kweli hasira zilipanda. Lakini KPU ilipigwa marufuku Oktoba 30, siku tano baada ya ghasia za Kisumu. Kenyatta alikuwa amekuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti, ambao Jaramogi ndiye aliyeutafuta. Ndiyo maana wakazi wanaiita Russia mpaka leo. Yeye na Jaramogi wakarushiana maneno hadharani, umati ukatupa mawe, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 11. Watu wa Kisumu hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Jaramogi na viongozi wenzake wa KPU wakatiwa kizuizini, na uchaguzi wa Desemba ukafanyika bila wao. Alipoachiliwa 1971 alirudi KANU, na KANU hiyohiyo ikamzuia kugombea 1974, kisha tena 1979.