Utamaduni wa Kijava: Wanayodhani Wasafiri na Hali Ilivyo

Wengi huamini kwamba urithi wa Java, kisiwa cha Indonesia, ni magofu ya dini zilizopita, na kwamba Uislamu ulipoingia uliyafuta yaliyoutangulia. Borobudur, hekalu la Kibudha la karne ya 9, na Prambanan, la Kihindu, huipa nguvu dhana hiyo, kwa kuwa ndiko wageni wanakopelekwa kwanza. Ukweli ni kwamba Wajava walio wengi ni Waislamu, na ndio haohao waliohifadhi wayang, maonyesho ya vikaragosi vya ngozi ya nyati yanayosimulia visa vya Mahabharata na Ramayana, tenzi za Kihindu. Kila Mfungo Sita, mjini Yogyakarta, seti mbili za gamelan, yaani ala za shaba kama upatu zinazopigwa kwa pamoja, hutolewa kasri ya sultani na kupigwa katika ua wa Msikiti Mkuu kwa siku kadhaa, kuadhimisha mazazi ya Mtume. Aliyezoea Maulidi ya Lamu huenda akashangazwa na sauti za upatu, lakini si na shangwe yenyewe.

Kuhusu wayang, wageni hudhani ni mchezo wa watoto wa saa moja au mbili, kwa sababu ndivyo wanavyoonyeshwa. Onyesho kamili huanza usiku na kwisha alfajiri, na kwa muda wote huo mtu mmoja, dalang, huchezesha vikaragosi vyote, hubadili sauti kwa kila mhusika na kuwaongoza wapigaji wa gamelan. Watazamaji wengi, tena, huketi upande wa dalang, wala si upande wa pili wa pazia, vinakoonekana vivuli vya vikaragosi. Kwa maoni yangu, afadhali kushuhudia nusu ya onyesho la kijijini kuliko lote lililofupishwa kwa ajili ya watalii.

Dhana inayowagharimu wasafiri fedha ni kwamba kila kitambaa chenye nakshi za Kijava ni batiki. Batiki, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2009, hutengenezwa kwa nta ya moto inayozuia rangi isipenye, ikichorwa kwa kalamu ya canting au kugongwa kwa muhuri wa shaba. Kilichochapwa kiwandani kwa kuiga nakshi hizo si batiki, na mara nyingi upande wake wa nyuma huwa umepauka. Uigaji huo si mgeni kwetu: vitenge vyenyewe vina asili katika jitihada za Waholanzi, katika karne ya 19, za kuiga batiki ya Java kwa mashine.

Kasri ya Yogyakarta nayo si makumbusho matupu. Sultani Hamengkubuwono X anaishi humo, na ndiye gavana wa mkoa bila kupigiwa kura.

Mwisho, si kila mkazi wa kisiwa cha Java ni Mjava. Bandung na sehemu kubwa ya magharibi ni ya Wasunda, wenye lugha yao, na angklung, ala ya mianzi ambayo wageni huihesabu kuwa ya Kijava, ni fahari yao.