HBCU ni nini hasa? Sio kila chuo chenye weusi wengi

Wengi wakiskia HBCU (Historically Black Colleges and Universities, yani vyuo vya kihistoria vya weusi) wanajua ni chuo chochote cha Marekani kilichojaa weusi, hapana. Kwa sheria yao ya elimu ya juu ya 1965, HBCU ni chuo kilichoanzishwa kabla ya 1964 na lengo lake kuu likiwa kusomesha Wamarekani weusi, basi, wanaangalia historia sio nani kakaa darasani leo. Ndo maana Bluefield State kule West Virginia ni HBCU na wanafunzi wake wengi ni wazungu, alafu Medgar Evers College ya Brooklyn, weusi ndo wengi, sio HBCU, imeanza 1970. Inachanganya, najua.

Vingi vilizaliwa baada ya utumwa kufutwa 1865, maana vyuo vya wazungu kule kusini vilikuwa havimpokei mweusi. Fisk 1866, Howard 1867, Tuskegee 1881. Hata Mkenya Mbiyu Koinange alipita kimoja, Hampton, miaka ya 1920. Hela ilikuwa ya shida so mzigo wote ukawa kwa walimu.

Mcheki mwalimu mmoja, George Washington Carver, mwanasayansi wa kilimo. Kazaliwa mtumwa Missouri, kapata masters Iowa 1896, mwaka huohuo Booker T. Washington, mkuu wa Tuskegee, akamwita chuoni kwake Alabama, kufika anakuta maabara hamna. Akawatoa wanafunzi wakazunguke majalalani kuokota chupa na masufuria mabovu, chupa ya wino ikatiwa utambi ndo ikawa jiko la maabara, yani kibatari kabisa kama cha bibi, na kikombe kizito cha chai kikawa kinu cha kutwangia sampo. Ardhi ya wakulima weusi wa pale ilikuwa imechoshwa na pamba, akawaambia pandeni kunde, karanga, viazi vitamu, na kuanzia 1906 kukawa na gari la kuvutwa na nyumbu (mtoto wa punda na farasi, sio wa Serengeti) linapita vijijini na mbegu na zana, darasa linamfuata mkulima shambani kwake. Na wale wa "ndo kavumbua siagi ya karanga", hakuvumbua yeye jamani.

Alikaa hapohapo miaka 46 na ushee mpaka anafariki Januari 1943, akiba yake kaiachia taasisi ya utafiti ya palepale, na kaburi lake lipo ndani ya chuo, pembeni ya la huyo Booker aliyemwita.