Indira Gandhi hakuwa mtoto wa Mahatma

Kila Novemba ikifika posti zinajipanga, tarehe 13 Siku ya Wema Duniani, 14 bethdei ya Nehru ambayo India wanaiadhimisha kama Siku ya Watoto, halafu 19 bethdei ya Indira Gandhi, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa India, na hapo ndo lazima mtu aandike "binti wa Mahatma", yaani Mahatma Gandhi yule mpigania uhuru wa India, na watu wanagonga laiki tu. Jamani sio kweli, ila hata mimi niliamini hivyo mpaka ukubwani, kwa hiyo simcheki mtu.

Iko hivi. Baba yake Indira ni huyo huyo Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India. Alizaliwa Allahabad 1917 akiitwa Indira Nehru, na hilo jina la Gandhi kalipata 1942 alipoolewa na Feroze Gandhi, ambaye alikua Mparsi (jamii ya India yenye asili ya Uajemi, wafuasi wa dini ya Zoroasta), wakati Mahatma alikua Mhindu wa Porbandar, Gujarat. Feroze na Mahatma hawana undugu wowote, majina tu yamegongana, maana Gandhi kwa Wagujarati ni jina la kazi, la wenye duka na wauza manukato, wako kibao kama akina Juma huku kwetu.

Mahatma mwenyewe alikua na watoto wanne, Harilal, Manilal, Ramdas na Devdas, wote wa kiume (sasa huyo binti angetokea wapi?). Bethdei yake wala sio Novemba, ni tarehe 2 Oktoba, alizaliwa 1869. Na Rajiv Gandhi, naye aliyewahi kuwa waziri mkuu, je? Mtoto wa Indira, mjukuu wa Nehru.