Mvua ikianza, usiweke kinga stoo

Katika huduma yetu ya presha na sukari, hapa Lubumbashi, kila mgonjwa ana daftari dogo. Upande wa kushoto sisi tunaandika presha na kilo. Upande wa kulia yeye mwenyewe anaandika dakika alizotembea au alizopanda kinga, yaani baiskeli. Kuanzia Mei mpaka Agosti upande wa kulia unajaa. Mvua ya kwanza ya Novemba ikinyesha, kurasa zinabaki nyeupe. Kufika Januari upande wa kushoto nao unaanza kupanda: 135, 142, 151. Mtu anaomba aongezewe dawa, na tunamwongezea, maana presha ya namna hiyo haiachwi hivihivi. Lakini mara nyingi dawa ile ya pili ni malipo ya miezi miwili ya kukaa tu.

Ndiyo sababu mwaka huu, tunapojiandaa kwa tarehe 3 Juni, siku ya baiskeli duniani iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, hatutaki kuwaambia watu waanze. Juni kila mtu anaanza. Tunawaomba wasiache Novemba.

Kipimo chenyewe ni cha Shirika la Afya Duniani, lililokirekebisha mwaka 2020: mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Watoto wa miaka 5 mpaka 17 wapate dakika 60 kila siku. Zamani iliagizwa kwamba mwendo usihesabiwe kama haujafika dakika kumi mfululizo. Sharti hilo limeondolewa. Dakika sita za kwenda kununua makala, yaani makaa ya kupikia, zinahesabiwa, na dakika sita za kurudi vilevile. Anayeshuka bisi mapema akatembea dakika 15 asubuhi na 15 jioni, kwa siku tano za kazi, ameshafika 150 bila kutafuta uwanja wala viatu vya michezo.

Faida yake haiwekwi akiba. Mishipa ya damu inalegea kwa mwendo wa wiki hii na ya wiki iliyopita. Ukiacha wiki chache, presha inarudi ilipokuwa, hata kama miezi mitatu ya baridi ulikuwa unatembea kila siku kwa bidii. Hili ndilo watu hawataki kulisikia. Wanasema, "Dokta, mimi nilishafanya." Ni kama kusema ulishakula bukari, yaani ugali, mwezi uliopita.

Wengine wanasema kinga ni ya watu wa makala. Simama alfajiri kwenye barabara inayotoka Kasenga au Kipushi uwaangalie hao watu wa makala: magunia yamepangwa juu ya portbagaji, yaani kibebeo cha nyuma, mpaka yanapita kichwa cha mwenye kinga, yamefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi, na yeye anasukuma kwenye mlima huku bega limeegemea mzigo, kilomita makumi, ili jikoni kwako mbabula, jiko la makala, iwake. Kazi ile ni ngumu kupita kiasi na inaumiza mgongo, siisifu kama mazoezi. Lakini kumdharau mtu yule, halafu ukadharau na kinga kwa sababu yake, ni jambo linaloniuma. Wazee wetu wengi waliofanya kazi Union Minière, kampuni ya madini ya zamani, walinunua kinga kwa mshahara wao na waliisafisha Jumapili kama watu wanavyosafisha gari leo. Na katika Kiswahili cha vitabu, neno hilohilo ni kitu kinachokulinda.

Kina mama wananiuliza kwa sauti ya chini kama kiti cha kinga kinaharibu uzazi. Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi sana na nitaendelea kulijibu: hapana, hakigusi kizazi. Kinachotuletea kina mama na watoto hospitalini ni kingine kabisa. Kikwembe, yaani kitenge, kinaingia kwenye cheni au kwenye gurudumu la nyuma, mama anaanguka. Au mtoto amekaa kwenye portbagaji, miguu inaning'inia, kisigino kinaingia kati ya spoki. Ngozi ya kisigino cha mtoto inachanika mpaka mfupa unaonekana, na kidonda hicho kinachukua wiki nyingi kupona. Kwa hiyo mama avae suruali chini ya kikwembe, au akikunje na kukifunga juu ya goti. Mtoto asipakiwe bila ubao au wavu unaofunika spoki na mahali pa kuweka miguu.

Sasa nyakati zenyewe.

Juni na Julai shida si baridi. Baridi ya hapa, hata usiku ikishuka chini ya digrii 10, haimletei mtu nimonia kwa sababu ametembea. Shida ni moshi. Asubuhi hewa baridi inalala chini kama blanketi, na moshi wa mbabula, wa takataka zinazochomwa kwenye parseli, yaani viwanja vya nyumba, na wa mioto ya porini unashindwa kupanda. Mwenye asma asitoke jua likiwa bado halijachomoza; angoje lipande na kuupasha mji joto, utaona mwenyewe ule ukungu wa kijivu unavyoinuka. Wengine watoke muda wowote, wavae nguo mbili nyepesi kuliko koti moja zito, na wapite njia za ndani. Malori ya madini na vumbi la barabara zisizo na lami hayafai kuwa jirani ya mtu anayepumua kwa nguvu.

Oktoba ni joto. Hapa naomba nisikilizwe vizuri, hasa na vijana na kina baba wenye matumbo. Kujifunga plastiki tumboni au kuvaa koti la nailoni na kukimbia saa sita mchana hakuyeyushi mafuta. Kinachotoka ni maji. Kilo iliyopungua inarudi ukinywa chupa mbili, na inapaswa kurudi. Mtu anayetumia dawa ya kukojolesha kwa ajili ya presha akifanya hivyo anaweza kuanguka barabarani. Tumeona waliochanganyikiwa wasijue jina lao, ngozi ya moto. Mtu wa namna hiyo mweke kivulini, mvue, mmwagie maji, mpepee, na mlete hospitali mara moja. Usimnyweshe kwa nguvu akiwa hana fahamu. Mwezi huo tembea alfajiri au jua likishuka, chini ya mijakaranda inapochanua, na beba maji.

Mvua ndiyo inayowashinda watu, na kwa kweli inashindika kirahisi kuliko moshi. Hapa kwetu mvua nyingi zinanyesha mchana na jioni. Asubuhi mara nyingi ni safi. Tena Desemba jua linachomoza mapema kuliko Juni kwa zaidi ya nusu saa. Mji unakupa mwanga zaidi wakati uleule unaosema huna muda. Hamisha mwendo wako uwe asubuhi, basi. Ukiwa na kazi, toka na kinga asubuhi, na jioni mvua ikikukuta, panda bisi au ngoja ikatike. Nusu ya mwendo ni bora kuliko ukurasa mweupe.

Breki zijaribiwe kabla. Kinga nyingi za hapa zina rimu za chuma, na chuma kikilowa, breki haishiki. Unabana na kinga inaendelea kwenda. Bana kidogokidogo mapema ili mpira ufute maji, halafu ndiyo ubane kweli. Matope yaoshwe kwenye cheni jioni ileile, kisha tone la mafuta. Kiti kiwe juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini kabisa goti linabaki limekunjika kidogo tu. Maumivu mengi ya goti tunayotibu yanatoka kwenye kiti kilichoshushwa mno.

Mitaro yetu haina vifuniko. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya barabarani na ya mtaroni yanakuwa sawa, kama sakafu moja ya kahawia. Usipande kinga kwenye maji usiyoona chini yake. Shuka, sukuma, na ukae mbali na ukingo. Radi nayo si mchezo Katanga: ukiona mwanga na kusikia ngurumo kabla ya kuhesabu hadi 30, acha kinga, ingia nyumba yoyote, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mwembe si nyumba.

Wagonjwa wa sukari wasitembee matopeni na sandali za plastiki. Kiatu kilichofungwa, soksi kavu za akiba, na kila jioni kuangalia nyayo, hata katikati ya vidole, kwa sababu mguu uliopoteza hisia hauumi unapokatwa. Mwenye presha inayopita 180 kwa 110 asianze kwanza, aje tumwone. Maumivu ya kifua, pumzi inayokatika ghafla au kizunguzungu ni sababu ya kusimama siku hiyohiyo.

Naingia kwenye jambo linalotuchosha sana ofisini, yaani ajali na karatasi zake.

Kwetu magari yanapita upande wa kulia, lakini mengi yana usukani kulia pia. Dereva wa gari kama hilo akiwa nyuma ya lori haoni mbele. Inabidi atoe gari zima nje ndipo aone kama njia ni wazi. Anayekuja mbele yake na kinga ndiye anayekutana naye. Basi ukiona lori linakuja, hesabu kwamba nyuma yake kuna mtu anayetaka kupita, na usogee pembeni mapema. Anayetembea mahali pasipo na njia ya miguu atembee kushoto ili ayaone magari yanayomjia. Mwenye kinga akae kulia pamoja na magari, awe na taa na kitu kinachong'aa nyuma.

Ukigongwa, matibabu kwanza. Hakuna karatasi inayotangulia damu. Lakini mwenzako abaki pale, aandike namba ya gari, aite polisi wa barabarani, PCR, waje wafanye konsta: wapime, wachore mchoro, waandike jina la dereva na asiransi, yaani bima, yake. Kinga isisogezwe kabla hawajafika, isipokuwa inahatarisha wengine. Kisha polisi wanaandika rekizisyo, barua inayomwomba daktari akupime. Daktari anaandika setifika: majeraha, siku ambazo hutaweza kufanya kazi, tarehe. Tunza setifika ya asili, peleka kopi. Tunza kila risiti, hata ya bendeji. Asiransi ya gari kwa madhara ya watu wengine ni lazima katika nchi hii tangu sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, na anayetembea kwa miguu au kwa kinga naye ni "watu wengine". Wengi hawajui kwamba wana haki hiyo.

Dereva aliyejeruhi kwa kutokuwa mwangalifu anaweza kufungwa siku 8 mpaka mwaka mmoja, kifungu cha 54 cha sheria ya jinai; aliyeua, miezi 3 mpaka miaka 2, kifungu cha 53. Sisi si mahakama na hatusemi nani ana kosa. Tunaandika tulichokiona mwilini.

Na tunaandika tarehe tuliyokiona. Kila wiki anakuja mtu aliyegongwa wiki tatu nyuma, aliyelewana na dereva barabarani kwa pesa kidogo, pesa zimeisha, mguu umevimba, sasa anataka setifika ya siku ya ajali. Haiwezekani. Naelewa kwamba ana uchungu, naelewa kwamba dereva alimdanganya. Lakini karatasi ya uongo ni kosa la kughushi, kifungu cha 124, miezi 6 mpaka miaka 5, na linamshika daktari pamoja na aliyeiomba. Tafadhali msitusihi, wala msimtume mjomba wa kutujua. Njooni siku ileile, hata kama unaona ni mchubuko tu na unaona haya. Kichwa kilichogonga lami kinaweza kuanza kutapika kesho yake.

Hofu ya ajali isiwe sababu ya kukaa. Mama mmoja wa Katuba, mwenye presha tangu miaka sita, aligongwa na pikipiki Februari, akavunjika mkono. Alirudi kutembea hata kabla plasta haijatolewa, akipita njia za ndani za kartye, yaani mtaa, mkono umefungwa kwenye kikwembe shingoni. Nilimuuliza kwa nini hakupumzika. Akasema, "Dokta, si miguu iliyovunjika."

Wale mlio na daftari zetu, endeleeni kuandika dakika upande wa kulia, hata ikiwa ni sita tu. Aliyepoteza lake aje achukue jingine, ni bure. Kwenye kontrole ya Januari tutafungua kurasa za Novemba na Desemba kwanza, kabla ya kukufunga mashine ya presha mkononi.