Hekalu la Dhahabu la Amritsar si la Masingasinga peke yao

Wengi huamini kuwa Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar, India, huingiwa na Masingasinga tu. Sivyo. Jengo hilo lina milango pande zote nne, ishara kwamba watu wa kila dini wanakaribishwa, na hakuna kiingilio. Kinachotakiwa ni adabu: funika kichwa, vua viatu, osha miguu, usibebe tumbaku wala pombe. Halafu kuna jiko lake, ambalo kwangu ni kubwa kuliko hata hiyo dhahabu: hulisha makumi ya maelfu kila siku bila malipo, tajiri na maskini wakikaa chini safu moja. Ukitaka kuhakikisha bila kupanda ndege, pitia hekalu lao la Makindu, barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Wasafiri wa dini zote hula humo.