Hamu Haipimi Imani

Nimelisikia tena wiki hii, kwa hiyo naliandika ili nipumzike kulijibu kwa mdomo: "Ukiona bado unatamani pombe, ujue hujajikabidhi kwa Mungu sawasawa." Husemwa kwa upole, mkono begani, na mtu mwenye nia njema. Angelisema adui lingepuuzwa.

La mwili kwanza, maana ni fupi. Arosto, yaani mateso ya mwili ulionyimwa pombe ghafla, siyo hamu. Mnywaji wa kila siku akikata ghafla, dalili huanza baada ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kumpata ndani ya siku 2 za kwanza, na kuweweseka kati ya siku ya pili na ya nne. Huko watu hufa. Huyo anahitaji daktari, dawa na thiamini (vitamini B1), hata kama ukoo mzima umefunga na kusali. Tuendelee.

Hamu ni somo ambalo ubongo umelikariri: saa fulani, harufu fulani, mshahara, ugomvi, hata furaha, vyote vimefungwa kamba moja na chupa. Somo hilo halifutiki. Hufunikwa na somo jipya, likirudiwa sana. Ndiyo maana mwenye miaka 8 bila tone anaweza kupita mahali na mate yakamjaa, wala hajamkosea Mungu yeyote.

Usipoilisha, hamu hupanda, hufika kileleni, ikashuka, mara nyingi ndani ya dakika 15 hadi 30. Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, alifundisha watu kuelea juu yake kama juu ya wimbi: itafute imekaa wapi mwilini (kifuani, kooni, kwenye taya), ipe alama kuanzia 0 hadi 10, pumua, baada ya dakika chache ipe alama tena. Kama wewe ni mtu wa sala, sali humohumo. Sala ya dakika 20 inalitosha wimbi la dakika 20. Ila angalia unaomba nini, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Anayeomba "niondolee hii sasa hivi" atakuwa anachungulia kila sekunde kama imeondoka, na kuchungulia ndiko kuilisha. Ikikawia, anahesabu kuwa amekataliwa. Anayeomba "nishike mpaka ipite" hana cha kuchungulia. Ana cha kungoja. Mwombaji ni yuleyule na imani ni ileile, lakini dakika ya 12 inawakuta mahali tofauti kabisa.

Sasa mwambie huyo wa kwanza kwamba hamu ni ushahidi wa imani haba. Ataificha. Hatampigia simu sponsa wake (aliyeacha kabla yake na sasa anamwongoza), kwenye kikao cha wanaoacha atasema "namshukuru Mungu, niko vizuri". Siku akiteleza glasi moja, hukumu iko tayari: nimeshaanguka, basi ninywe. Glasi inazaa wiki mbili, na aliyezileta zile wiki ni hukumu kuliko glasi. Kwa wa heroini ni vibaya zaidi. Mwili uliokaa safi miezi kadhaa umesahau dozi ya zamani, akiirudia inaweza kumuua, na aibu humfanya atumie peke yake, mlango umefungwa, bila wa kumwokoa.

Wanaopenda kunitajia Hatua 12 wazisome kwa mpangilio. Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe na wenye hatua hizo, ulianza mwaka 1935, hatua zikachapishwa kwenye kitabu chake 1939, na mwamko wa kiroho unatajwa kwenye ya 12, tena kama tokeo la zile 11. Kabla yake kuna kalamu na karatasi: kuandika hesabu ya nafsi yako (ya 4), kumsomea mtu mwingine (ya 5), kuorodhesha uliowaumiza (ya 8), kwenda kulipa (ya 9). Kulipa, siyo kusema samahani. Deni hulipwa kwa fedha, hata kidogo kidogo. Na ukiona kukiri kwako kutamvunja mwenzako ili wewe ulale vizuri, nyamaza. Hatua yenyewe imeweka sharti hilo.

Mwanzilishi mmoja wa umoja huo, Bill Wilson, alipata mwanga wa ghafla akiwa hospitalini mwaka 1934, na wasomaji wakaanza kuusubiri wa kwao. Mwaka 1941 kitabu hicho kikaongezwa maelezo kwamba wengi hubadilika polepole. Wilson huyohuyo, na mwanga wake, aliteswa na sonona miaka mingi baadaye bila kurudi kwenye chupa. Hilo halihubiriwi sana.

Wapo ambao hamu iliwatoka siku moja isirudi. Sibishi, wala siwezi kuwaeleza. Nakiri pia kwamba katika miezi 3 ya kwanza simtofautishi anayekua kiroho na anayeigiza: wote wanang'aa, wote wananukuu maandiko. Naangalia vitu vidogo. Anafika kwa wakati? Anakiri uongo mdogo siku hiyohiyo, au mpaka abanwe? Daftari lake la kujihesabu kila jioni lina majina na matukio, au lina "nilikuwa na kiburi" tu?

Kwa hiyo mtu akikwambia hamu imemshika, acha kwanza imani yake. Muulize imeanza saa ngapi, amekula saa ngapi, jana alilala, ana hasira na nani, na yuko na nani hapo alipo. Kisha kaa naye kwenye simu nusu saa.